Kaka Yangu, Mtu wa Philadelphia

Siku ya harusi ya binti yangu, mbele ya wakwe na masinia ya biriani, kaka yangu mkubwa alimkaba mdogo wetu ukosi wa kanzu akamwinua kitini. Nilikuwa nimesimama karibu yao, jagi la maji ya limau mkononi, na kwa muda nilihisi kama ninatazama watu nisiowajua. Kaka yangu hajawahi kumwinulia mtu mkono. Tulipokuwa watoto Mombasa, yeye ndiye aliyekuwa akituamua tukigombana. Sasa yuko Tooting, mtaa wa London, ndani ya ukumbi wa kukodi uliojaa wageni, mtu mzima mwenye mvi, anamtikisa ndugu yake wa tumbo moja. Na kisa chenyewe ni Philadelphia.

Kwetu tumezaliwa watatu: kaka, mimi, na mdogo wetu wa kiume. Wao wawili waliondoka nyumbani wakiwa vijana kwenda Marekani. Kaka akaishia Philadelphia, mdogo wetu New York. Mimi nikaja London kusomea uuguzi, nikaolewa, nikabaki Lewisham. Mpaka leo ninafanya kazi hospitali, kwenye kitengo cha wagonjwa wa figo. Miji ya ndugu zangu iko karibu karibu, mtu akipanda treni asubuhi anafika kwa mwenzake kabla ya chakula cha mchana, na kwa miaka yote hiyo niliamini kwamba wanatembeleana. Nilikuwa nikiwaonea wivu, mimi niliye peke yangu ng'ambo hii.

Binti yangu alipochumbiwa, nikawapigia simu wote wawili. Nikasema Mama anakuja kutoka Mombasa, visa imetoka, na wao waje, tuwe pamoja chini ya paa moja kabla Mungu hajaamua vingine. Wakakubali. Walitua Heathrow asubuhi moja, kila mtu na ndege yake. Mimi na mume wangu tulisimama pale wanapotokea abiria, Mama amekaa mbele yetu, na simu nimeshaiweka tayari kuwapiga picha wakikumbatiana.

Mdogo wetu ndiye aliyetangulia. Alikuwa bado amemshika Mama mikono yote miwili kaka alipotokea, amevaa koti la timu ya mji wake na kofia ya timu hiyohiyo, ingawa ilikuwa Juni na jua linawaka. Akamwinamia Mama, akambusu mkono, akanikumbatia mpaka nikalia. Kisha akamgeukia mdogo wetu.

"Hiyo takataka umeivaa mpaka huku?" mdogo wetu akasema, anaionyesha kofia.

"Na wewe umekuja na pua yako juu mpaka huku," kaka akamjibu.

Wakapeana mikono. Mikono tu, kama mawakili wa pande mbili! Nilishusha simu bila kupiga picha. Nikacheka, nikajiambia ni utani wa wanaume.

Garini nikauliza mara ya mwisho walionana lini. Mume wangu akanitupia jicho kwenye kioo. Hatimaye mdogo wetu akasema ni miaka, kwamba kila alipotaka kwenda kwa kaka aliambiwa ana shughuli. "Na New York hukanyagi," akaongeza. "Unaogopa utaipenda." Kaka alitazama nje dirishani, kana kwamba maghala ya kando ya barabara yalikuwa na jambo la kumwambia.

Si kwamba sijui majivuno ya miji. Tumekua tukiwacheka watu wa Nairobi, na watu wa Lamu wakitucheka sisi. Hapa London penyewe, mwambie binti yangu ahamie Neasden, atakujibu heri ahamie Ufaransa. Lakini hayo mtu huyasema anacheka, akamaliza, akala. Ya ndugu zangu hayakuwa na kumaliza. Nyumbani kwangu niliwapikia mahamri na mbaazi za nazi, nikadhani watatulia. Mdogo wetu akamega kipande cha mkate wa dukani uliokuwa mezani, akasema mkate wa kweli duniani unaokwa New York, na siri yake ni maji. Kaka akaweka kikombe chini.

"Maji yenu yana ladha ya bomba bovu," akasema. "Sisi tuna mkate mrefu unaojazwa nyama na jibini. Unaula umesimama, mafuta yanakutiririka mpaka kwenye kiwiko. Ukishaula huo, huna haja ya kuongea na mtu wa New York tena."

"Nyinyi mnatuchukia sana," mdogo wetu akasema, kwa upole wa makusudi. "Lakini unajua, kaka? Sisi hata hatuwafikirii."

Nilimwona kaka akibadilika uso. Katika matusi yote ya asubuhi ile, hilo ndilo lililomchoma. Mimi nikawa nimeganda na birika langu la chai, nimeshtushwa na lile neno *sisi*. Nilizoea sisi kuwa ni watu wa nyumba yetu.

Mama, ambaye hakuacha kuwatazama, aliniinamia sikioni. "Hawa wanagombania nini?"

"Miji, Mama."

"Miji ya nani?"

"Ya Wamarekani."

"Subhanallah," Mama akasema. "Na wenyewe Wamarekani wanajua?"

Siku zile za kungojea harusi zilikwenda hivyo. Majengo ya nani marefu, mto wa nani msafi, mji wa nani uliotangulia kuwa mji mkuu, nani anajua kuendesha gari kwenye theluji. Niliona mambo mengine pia, lakini niliyaona kama mtu anavyoona taa za barabarani. Kaka alivaa mashati ya mikono mirefu mchana kutwa, hata jikoni karibu na jiko. Asubuhi na jioni simu yake ililia kwa wakati uleule, akaingia chumbani, akatoka. Nikadhani amejiwekea adhana. Binti yangu alipomkamulia juisi ya balungi, aliisukuma bilauri pembeni akaomba maji. Binti akaniuliza kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kama mjomba amechukia. Nikamwambia mjomba amechoka na safari.

Nikaha ilisomwa Tooting, kwa wakwe zetu, baada ya hapo tukaingia ukumbini kula. Baba wa bwana harusi ni Mhindi mzaliwa wa Kisumu, ana duka la vitambaa hapo mtaani, mtu mchangamfu anayependa kuongea Kiswahili kila anapompata wa kuongea naye. Akaja meza ya ndugu zangu, akavuta kiti.

"Haya jamani, nyinyi ndio watu wa Amerika," akasema. "Hawa maharusi wanataka kwenda fungate huko. Waanzie mji gani?"

Masikini, hakujua.

"New York," mdogo wetu akasema.

"Philadelphia," akasema kaka, kwa wakati mmoja.

Watu wa meza ile wakacheka. Mdogo wetu akapata moto wa kuchekesha. Akasema Philadelphia si mji wa kwenda, ni wa kupitia. Treni inasimama, abiria wananyoosha miguu, wanaendelea na safari yao ya Washington. Watu wakacheka zaidi, na kaka naye alikuwa bado anatabasamu, ingawa lilikuwa tabasamu la mdomoni tu.

"Na watu wenyewe sasa," mdogo wetu akaendelea. "Roho mbaya. Wanaizomea hata timu yao wenyewe. Wewe uanguke barabarani kule, watakuruka wapite."

"Rudia," kaka akasema.

"Nasema watakuruka. Watakuacha ufe kwenye theluji, na wakukanyage vidole."

Hapo ndipo mkono wa kaka ulipoondoka mezani. Nilisikia kitambaa cha kanzu kikichanika. Sahani ikaanguka, wali ukamwagika sakafuni, na mke wa mtu akapiga ukelele. Kaka alikuwa ameusogeza uso wake karibu kabisa na wa mdogo wetu, anasema maneno ambayo mimi na wao tu tuliyasikia: "Hawakuniruka. Hawakuniruka, unasikia?"

"Mjomba, wacha! Mwachilie!" Huyo alikuwa binti yangu, na nguo zake za harusi, anasema Kiswahili ambacho tangu aanze shule sijamsikia akikitoa mdomoni. Kaka akamwachilia mdogo wetu. Akaangalia mikono yake kana kwamba ni ya kuazima. Kisha akapita kati ya meza, akatoka nje. Mume wangu akamshika mdogo wetu bega asimfuate. Mkwe wetu wa Kisumu akawaambia wahudumu walete chai, haraka, chai kwa watu wote.

Nilimkuta kaka kwenye kituo cha basi, mbele ya duka lililopanga makreti ya bamia na karela, ile mboga chungu ya Wahindi, mpaka katikati ya njia. Alikuwa akihema. Basi lilikuwa linakuja, na nilimwona anatia mkono mfukoni kutafuta kadi. Nikamkimbilia na viatu vyangu vya harusi, nikamshika mkono wa kushoto, juu kidogo ya kifundo, nikamvuta kwa nguvu.

"Unakwenda wapi? Umeniharibia harusi ya mwanangu, halafu unapanda basi?"

Nikanyamaza hapo hapo, kwa sababu kitu kilikuwa kinavuma kiganjani mwangu.

Ninaujua mtetemo ule. Mgonjwa wa figo anayetakiwa kusafishwa damu kwa mashine, madaktari humuunganishia mishipa miwili ya mkono iwe mmoja mnene, wenye nguvu. Mahali pale pakishapona, ukiweka vidole unasikia damu ikipita kwa kishindo, kama paka anayekoroma chini ya ngozi. Ndiyo kazi yangu. Kila mgonjwa akilala kitandani kwangu, kabla ya sindano, naweka vidole nisikilize. Na sasa nilikuwa nimesimama barabarani Tooting nimevaa dhahabu zangu zote, na ule mtetemo uko ndani ya shati la kaka yangu.

Nikampandisha mkono wa shati. Hakunizuia. Makovu yale, yale mavimbe ya sindano nyingi, nimeyaona kwa mamia ya watu. Kwa kaka yangu sikuwa nimeyaona.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Yamekwisha," akasema. "Nimewekewa figo. Inafanya kazi vizuri. Usilie, watu wanatutazama."

Sikuwa ninalia bado. Nilikaa kwenye kile kibenchi chembamba cha kituo. Ndipo nikaelewa ile simu ya asubuhi na jioni: ilikuwa saa ya dawa za kulinda figo, na balungi haipatani nazo. Basi likaja, likafungua milango, likafunga, likaondoka. Kaka akakaa kando yangu, akanieleza huku akiangalia mbele.

Alianguka wakati wa baridi, anarudi kazini, theluji imejaa. Alikuwa ameumwa muda mrefu bila kujua, mwili umejaa maji, anadhani ni uchovu. Basi la jiji lilikuwa linapita. Dereva, mwanamama mmoja aliyekaa mtaa uleule wa kaka, akasimamisha gari akashuka mwenyewe. Abiria wakampigia kelele kwamba wanachelewa. Lakini wawili wao walishuka wakambeba, huku wakimtukana njia nzima kwa kuwa mzito. "Ndivyo walivyo," kaka akasema. "Watakutukana, lakini wamekubeba." Hospitali wakamwambia figo zote mbili zimekufa. Akawa mtu wa mashine. Majirani wakapangana kumpeleka na kumrudisha, watu ambao awali alikuwa akiwasalimia kwa kichwa tu. Ikaenda hivyo muda mrefu, mpaka siku moja yule dereva alipomgongea mlango, akamwambia amekwenda kupimwa kimyakimya na figo yake inalingana.

"Nilimuuliza nimfanyie nini maishani mwangu," kaka akasema. "Akaniambia jambo moja tu. Nisishangilie timu ya New York. Hata wakicheza na shetani."

Akacheka, na mimi nikacheka naye, cheko baya lisilo na pumzi. Kisha nikamuuliza lile lililokuwa likinikaba. Mimi ni muuguzi wa figo. Mimi ni dada yake. Kwa nini?

Akaushusha mkono wa shati. "Pale kwenye mashine nilikuwa na mwenzangu kitanda cha pili," akasema. "Aliwaomba ndugu zake. Wakaanza kutopokea simu, mmoja baada ya mwingine. Niliona uso wake. Nikasema mimi sitaki kujua. Afadhali nibaki nikidhani mngenipa."

Nilikuwa nikifikiria miaka ile aliyokuwa akipiga simu ya sauti tu, akidai mtandao wake mbovu, nami nikimsimulia shida za boiler yangu ya maji moto na foleni za daktari, na yeye pengine amelala pale, mirija mkononi.

Kisha nikainua macho nikamwona mdogo wetu. Alikuwa amesimama hatua chache nyuma yetu, kanzu imechanika mpaka kifuani, kikombe cha chai mkononi. Sijui alikuwa amesimama pale tangu lini, lakini nilijua amesikia, kwa jinsi chai ilivyokuwa ikimwagika kwenye viatu vyake bila yeye kujua.

"Mimi niko hapo," akasema. Alikuwa kama mtu anayejifunza kuongea. "Napanda treni, nafika. Ulikuwa unakufa, na mimi niko hapo, nakuambia habari za mikate."

"Hayakuwa makosa yako," kaka akasema.

"Hukunipa hata nafasi ya kukataa!" Sasa alikuwa anapiga kelele, na mwenye duka la bamia akatoka mlangoni. "Umejuaje kwamba ningekataa? Umechukua figo ya dereva wa basi, ukaiacha ya ndugu yako, kisha unanikaba mimi?"

Kaka alisimama, akaiangalia ile kanzu, akajaribu kuzikutanisha zile pande mbili za kitambaa kifuani kwa mdogo wetu, kama zinaweza kushikana. Mdogo wetu akamsukuma mkono. Kaka akaurudisha. Akamsukuma tena, safari hii polepole. Halafu wakawa wameshikana, chai imekwenda chini, wanaume wawili wazima wanalia kwenye kituo cha basi, na abiria wa basi la pili wanatutazama dirishani.

Tulirudi ukumbini. Siwezi kusema harusi iliendelea kama kawaida, lakini iliendelea. Mkwe wetu aliwatafutia viti, hakuuliza kitu, na hakutaja tena fungate.

Mama aliambiwa kesho yake, sebuleni kwangu Lewisham, na kaka mwenyewe ndiye aliyemwambia. Nilikaa karibu naye nikiogopa moyo wake. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauomba ule mkono, akaweka kiganja chake juu ya makovu, akashtuka aliposikia damu ikivuma, akauondoa, akaurudisha. Mimi nilingoja alie au amlaumu.

"Huyo mwanamke," Mama akasema. "Amekatwa tumbo kwa ajili yako. Alipolala kitandani, nani alimpikia uji?"

Kaka akasema hajui. Labda majirani, akasema.

"Hujui?" Mama akatugeukia sote, na sijawahi kumwona ametaharuki vile. "Mtu amemtolea mwanangu kiungo chake, na mimi mama yake sikumpelekea hata uji?" Hilo ndilo lililomliza. Kabla ndugu zangu hawajasafiri, Mama alifungua sanduku lake akatoa leso mpya aliyokuwa amemletea bibi harusi, doti nzima, akamkabidhi mdogo wetu. Akakataa kumpa kaka. Akasema aipeleke yeye, mkono kwa mkono, na amshukuru yule mwanamke kwa niaba ya nyumba yetu. Binti yangu alikubali leso yake iende.

Mdogo wetu alikwenda Philadelphia kabla ya majira kubadilika. Alinipigia simu akiwa nje ya nyumba ya yule mama dereva, nikasikia vicheko nyuma yake. "Dada, amenifungia mlango," akasema. "Ameniuliza natoka wapi, nikasema New York, akafunga mlango puani kwangu. Wako ndani wote na kaka wanacheka." Baadaye akafunguliwa, akalishwa ule mkate wa nyama, akabishana na yule mama mchana kutwa, na kwa maelezo ya kaka alishindwa vibaya. Leso, yule mama aliivaa palepale mabegani, na kesho yake akaenda nayo kazini, kwenye basi lake.

Usiku ule mdogo wetu hakupiga. Alipiga siku nyingine, nikiwa mapumzikoni kazini, na hakuwa na utani. Akaniuliza figo ya kupewa inadumu kiasi gani. Nikamwambia ukweli, kwamba wengine huenda nayo miaka mingi, lakini mara nyingi huja siku ikachoka.

"Basi ikichoka, itakuwa zamu yangu," akasema. "Niende wapi kupimwa?"

Nikamwambia hapohapo New York wanaweza kuanza kumpima, si lazima asafiri. "Vizuri," akasema. "Angalau hiyo itakuwa ya New York."

Nilipomweleza kaka, nilitegemea aguswe. Alivuta pumzi ndefu kwenye simu, nikasikia basi likipita nje ya dirisha lake.

"Mwambie ahsante sana," akasema. "Lakini ya New York, heri mashine."

Mpaka leo sijajua kama alikuwa anatania.